Gadi wa Gari la Moshi na Kitufe cha Mlango

Nataka kuwaeleza, na hasa ninyi wa vidato vya chini, habari ya ugomvi mmoja wa reli ulioanza Uingereza mwaka 2016, ambao ulinipa taabu sana muhula uliopita. Watu wazima wenye akili zao walishindana kwa muda mrefu juu ya jambo ambalo ukilisikia mara ya kwanza utadhani ni mchezo wa watoto: nani afunge milango ya gari la moshi, dereva au gadi?

Habari yenyewe ilinifikia hivi. Chama chetu cha mdahalo kilipewa neno hili la kujadili: "Gari la moshi lenye dereva halihitaji gadi." Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyelichagua, akatuletea na makaratasi ya kusoma juu ya ule mgomo wa Waingereza. Tukapiga kura kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia, nami nikaangukia upande wa kukubali. Yaani ilinipasa kusimama mbele ya shule nzima na kusema kwamba gadi si mtu wa lazima. Wenzangu walicheka sana, maana wengi wajua kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa gadi ujana wake wote, na ya kuwa karo yangu ya kwanza katika shule hii ilitoka katika shamba alilolinunua kwa akiba ya kazi hiyo.

Kwanza niwaeleze gadi ni nani, kwa kuwa wengi wenu hamjapanda gari la moshi la abiria hata siku moja. Mwaona tu yale ya mizigo yakipita. Dereva hukaa mbele. Gadi wa zamani alikaa nyuma, katika behewa la mwisho. Dereva alikuwa na nguvu ya mashine, lakini mwenye amri ya safari alikuwa gadi. Babu asema dereva hakuthubutu kuondoka stesheni mpaka ameiona bendera ya kijani, au taa ya kijani ikiwa ni usiku. Gadi aliandika katika kitabu chake saa ya kufika na saa ya kuondoka kila stesheni. Alihesabu mabehewa. Aliitunza taa ya nyuma kama mboni ya jicho, kwa sababu gari likipita stesheni bila taa hiyo, mkuu wa stesheni alijua kwamba limekatika njiani na mabehewa mengine yamebaki nyuma juu ya reli, yakingojea kugongwa.

Na gari likisimama porini kwa ajali, gadi ndiye aliyeshuka na kurudi nyuma kwa miguu, mvua au giza, akaenda mbali, akafunga fataki juu ya reli. Gari linalokuja likizikanyaga hulipuka kwa kishindo, na dereva wake akajua kwamba mbele kuna hatari. Nilipokuwa mdogo nilidhani babu alitembea na fataki kwa ajili ya sikukuu!

Sasa natoka kwa babu niende Ireland mwaka 1889, maana huko yapata kueleweka kwa nini gadi alipewa kazi hiyo, na kwa nini baadaye kazi yenyewe ilianza kupungua. Tarehe 12 Juni mwaka huo gari la moshi lilitoka mji wa Armagh likiwapeleka watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao kutembea pwani. Lilikuwa na mabehewa mengi kuliko kadiri ya nguvu za mashine, likakwama katika mlima. Wakuu wa safari wakakata shauri kuligawa: sehemu ya mbele ipelekwe kwanza, sehemu ya nyuma ingoje. Breki za gari lile zilikuwa za namna ambayo mabehewa yakikatwa kutoka kwa mashine, hayana breki tena ila ile ya mkono iliyo katika behewa la gadi. Wakatia mawe chini ya magurudumu. Mashine ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma mabehewa yaliyoachwa, mawe yakapondeka, na mabehewa yakaanza kuteremka mlima yenyewe, yamejaa watoto. Breki ya mkono haikuweza kuyazuia. Yakaligonga gari lingine lililokuwa likija nyuma. Watu wapatao 80 walikufa.

Mwaka ule ule wa 1889 Bunge la Uingereza lilitunga sheria kwamba kila gari la abiria liwe na breki inayopita mabehewa yote na kujikamata yenyewe gari likikatika. Hapo gadi alipata msaada mkubwa, na tena alianza kupoteza. Kila chombo kilichobuniwa baadaye kilimpunguzia gadi kipande cha kazi yake. Umeme ulipotiwa katika reli zenyewe, mtu wa ishara aliweza kuona gari liko wapi bila kungoja kuhesabu taa za nyuma. Redio ilipotiwa katika chumba cha dereva, dereva aliweza kumwita mtu wa ishara pasipo mtu kutembea na fataki. Milango ikawa ya kujifunga kwa umeme. Zikaja kamera ubavuni mwa behewa, na kioo mbele ya dereva kumwonyesha watu wanaopanda na kushuka.

Kwa hiyo mambo ya mwaka 2016 hayakuwa mapya. Katika mwaka 1982 reli ya Bedford mpaka London ilipata magari mapya ya umeme yaliyotengenezwa yaendeshwe na dereva peke yake. Chama cha wafanyakazi kilikataa, na magari yale mapya yakalala bure mpaka 1983, ndipo yakaanza kuchukua abiria bila gadi. Katika reli za chini ya ardhi za London, gadi wa mwisho aliacha kazi mwaka 2000. Haya yote niliyaandika katika karatasi yangu ya mdahalo kwa furaha, kwa sababu yalikuwa silaha upande wangu.

Basi tuje kwenye mgomo wenyewe. Kusini ya London kuna magari yanayoitwa Southern, yakienda Brighton na miji mingine ya pwani na ya mashamba. Mamia ya maelfu ya watu huyapanda kwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Wakati ule yaliendeshwa na kampuni iitwayo Govia Thameslink Railway. Kampuni ilitaka dereva afungue na kufunga milango yote, na gadi aitwe jina jipya, msimamizi wa ndani, kazi yake iwe kuwasaidia abiria na kutazama tikiti. Ikaahidi kwamba hakuna atakayeachishwa kazi wala kupunguziwa mshahara mpaka mwisho wa mkataba wake na serikali. Magadi walikuwa katika chama kiitwacho RMT. (Wanaotoka Kenya wasiniulize habari za Ziwa Magadi, sina neno jingine la kutaja gadi wengi.) Walikataa, na tarehe 26 Aprili 2016 wakagoma siku ya kwanza.

Migomo ikafuatana. Mwezi wa Julai kampuni ilifuta safari 341 kwa siku katika orodha yake, ikisema haina watu wa kutosha. Mwezi wa Oktoba ikatoa ahadi ya pauni 2,000 kwa kila gadi ili ugomvi uishe, nayo haikuumaliza. Halafu madereva, ambao wana chama chao kiitwacho ASLEF, wakaingia pia. Tarehe 13, 14 na 16 Desemba 2016 hawakuendesha, na karibu kila gari la Southern likasimama. Watu wapatao 300,000 kwa siku wakakosa usafiri. Magadi peke yao hawakuweza kuyasimamisha magari yote. Madereva waliweza. Liwekeni moyoni neno hili, nitalirudia.

Hapa pana jambo ambalo lilinichukua siku mbili kulielewa. Kwa kawaida kampuni ikigomewa hupoteza nauli, na hasara ndiyo humfanya tajiri akae mezani na wafanyakazi wake. Lakini mkataba wa kampuni hii haukuwa wa kawaida. Nauli zilikwenda serikalini, na kampuni ikalipwa ujira wa kuendesha. Ni kama mtu aliyeajiriwa kuendesha basi la mwenzake kwa mshahara wa mwezi: basi likilala, anayelia ni mwenye basi. Kwa hiyo katika ugomvi huu walikuwamo watu watatu, kampuni, serikali, na vyama, na aliyekosa nauli siye aliyekaa mezani na magadi. Wa nne ni abiria, aliyesimama stesheni katika baridi akitazama saa. Yeye hakuulizwa neno na mtu.

Je, ni salama dereva kufunga milango? Hilo ndilo lililosemwa sana, kila upande ukiapa. Mwezi wa Januari 2017 ofisi ya serikali inayosimamia usalama wa reli ilitoa hukumu yake: ni salama, ikiwa vyombo vyafaa, taratibu zafaa, na watu wamefundishwa. Chama cha madereva kilijibu kwamba gari la mabehewa 12 lina milango 24 upande mmoja, na dereva ana sekunde chache tu kutazama picha zote kabla ya kuondoka. Mwaka 2015, katika stesheni ya Hayes & Harlington, magharibi ya London, mkono wa mwanamke mmoja ulibanwa mlangoni, na gari lisilo na gadi likamburuta mita kama 19. Hapo wapinzani wangu walipiga makofi.

Lakini mimi nami nilikuwa na habari ya Liverpool. Mwaka 2011, katika stesheni ya James Street, msichana wa miaka 16 aliegemea behewa usiku. Gari lile lilikuwa na gadi. Gadi alitoa ishara ya kuondoka, gari likaenda, na msichana akaanguka kati ya gari na jukwaa akafa. Mwaka uliofuata gadi yule alihukumiwa kifungo cha miaka mitano. Niliposoma habari hii nilijiambia, "Nimeshinda." Kama gadi yupo na mtu anakufa, gadi yafaa nini?

Siku ya Jumamosi nikapata ruhusa nikaenda kwa babu kujipima nguvu. Nilimsomea hotuba yangu yote, kuanzia Armagh. Alisikiliza huku akipukuchua mahindi. Nilipofika Liverpool aliacha kupukuchua. Hakusema kitu kwa kitambo, kisha akaniuliza yule gadi alikuwa na umri gani. Nikamwambia alikuwa na zaidi ya miaka 40. Akasema, "Miaka yote ile ya kazi, na sekunde moja." Akachukua gunzi lingine.

Kisha akaniuliza swali ambalo halikuwamo katika makaratasi ya mwalimu: "Na huyo msimamizi wa ndani, asubuhi asipofika kazini, gari linaondoka au haliondoki?"

Nikafungua makaratasi nikatafuta. Jibu lilikuwapo, ila sikuwa nimeliona kuwa ni kitu. Gadi anayefunga milango asipofika, gari haliondoki, kwa sababu hakuna wa kulifunga. Lakini msimamizi asiyegusa milango asipofika, dereva hufunga mwenyewe na gari likaondoka.

"Basi," babu akasema, "hawagombani juu ya mlango."

Tangu hapo niliusoma mgomo ule upya kabisa. Kitufe cha mlango ni kidogo, lakini ndicho kilichokuwa kikimfanya mtu wa pili awe wa lazima. Akinyang'anywa, bado atakuwamo ndani ya gari, na mshahara wake ni ule ule, lakini kuwamo kwake kumekuwa hiari ya wengine. Leo gari litaondoka bila yeye kwa kuwa amechelewa. Mwakani litaondoka bila yeye kwa kuwa hakuna fedha. Ndiyo maana pauni 2,000 hazikuwatuliza. Na ndiyo maana kampuni nayo ilishikilia, kwa sababu ilichoka kufuta safari kila gadi alipougua, na tena, ingawa haikulisema hili kwa sauti kubwa, gadi asiye wa lazima akigoma, magari huendelea. Nguvu ya kugoma ya magadi ilikaa katika kitufe kile kile ambamo usalama wa abiria ulikaa. Kila upande ulizungumza usalama, na kila upande ulikuwa na habari nyingine mfukoni. Mimi siwalaumu. Mtu atetea mkate wake kwa maneno yatakayosikiwa.

Ila kuna abiria mmoja ambaye kwake usalama na kitufe si maneno ya mfukoni. Ni yule wa kiti cha magurudumu. Kati ya jukwaa na behewa huwa kuna pengo, na mara nyingi ngazi, naye hawezi kupanda pasipo mtu kumwekea ubao. Katika stesheni ndogo zisizo na watumishi, mtu huyo ni gadi. Gari likiondoka bila mtu wa pili, yeye aweza kubaki jukwaani. Na mbaya zaidi, akiwa amekwisha kupanda, hana wa kumshusha. Dereva hawezi kuacha mashine yake kila mara. Nadhani kama ningalikuwa upande wa pili wa mdahalo, ningalianza na mtu huyu na kumaliza naye.

Ugomvi wa Southern uliishaje? Magadi waligeuzwa kuwa wasimamizi mapema mwaka 2017, wapende wasipende. Madereva walipatanishwa na kampuni mara mbili mwaka huo, na mara mbili wakakataa kwa kura, mwezi wa Februari kwa asilimia 54.1 na mwezi wa Aprili kwa asilimia 51.8. Mara ya tatu, mwezi wa Novemba, asilimia 79.1 wakakubali. Walipata nyongeza ya mshahara ya asilimia 28.5 kwa miaka mitano, na maandishi ya kwamba kila gari lililohusika litakuwa na mtu wa pili aliyefundishwa, isipokuwa katika hali zisizo za kawaida. Madereva walitulia. Magadi, ambao ndio walioanza, waliendelea kugoma bila wao.

Kwingine mambo yalikwenda njia nyingine. Scotland mwaka 2016 walipatana kwamba dereva afungue milango na gadi aifunge. Waliigawa kazi ya milango, na gari likabaki haliendi bila wawili. Katika reli za Liverpool, mji ule ule wa msiba wa 2011, magari mapya yalikuwa yamekusudiwa kuwa ya dereva peke yake. Baada ya migomo, mwaka 2018 walipatana gadi abaki katika kila gari.

Tena Scotland, tarehe 12 Agosti 2020, mvua kubwa ilibomoa mfereji karibu na reli huko Carmont, mawe yakamwagika njiani, na gari la asubuhi lenye watu 9 likaacha reli. Watatu walikufa: dereva, gadi, na abiria mmoja. Katika waliosalia alikuwamo gadi mwingine, aliyekuwa akisafiri tu, si zamu yake. Aliumia. Hata hivyo alishuka akatembea juu ya reli mpaka kwenye nyumba ya ishara kuomba msaada. Nilipomsomea babu habari hii hakushangaa. Aliuliza tu kama alikuwa na taa.

Mdahalo ulikuwa Ijumaa iliyofuata. Nilisimama upande niliopangiwa nikasema yote, Bedford, London, na ile hukumu ya Januari 2017. Habari ya James Street niliiacha. Nilikuwa nimeiandika, lakini nilipofika pale katika karatasi niliipita. Tulishindwa kwa kura 11. Msemaji wa upande wa pili, ambaye hajawahi kupanda gari la moshi, alimaliza kwa kuuliza nani atamwekea ubao mtu wa kiti cha magurudumu, nami sikuwa na jibu.

Likizo nilimpelekea babu yale maandishi ya mapatano ya Novemba 2017, nikamfasiria neno kwa neno. Kuhusu mshahara wa madereva alitikisa kichwa kwa kustaajabu. Kuhusu "hali zisizo za kawaida" alinisimamisha, akataka nilisome tena. Kisha akaniuliza ni nani atakayekuwa akiamua kila asubuhi kwamba hali si ya kawaida. Nimeandika swali hilo pembeni ya karatasi yangu, na mhariri akiruhusu, mwenzangu aliyenishinda ameahidi kulijibu katika toleo lijalo.